Vikuku Vifupi Kiasi Gani? Kujiandaa kwa Mbio za Nyika za Farasi

Uliza kwenye banda lolote la farasi ufupishe vikuku matundu mangapi kabla ya mbio za nyika, na utajibiwa haraka: matatu. Jibu hilo si la uongo. Kasoro yake ni kwamba limepimwa kwa mguu wa mtu mwingine, juu ya tandiko jingine na farasi mwenye mbavu tofauti. Mimi nashauri uanzie mwisho. Jiulize utakuwa umesimamaje juu ya vikuku dakika ya mwisho ya njia, mapaja yanawaka moto, pumzi imekata, na mbele yako kuna gogo ambalo upande wake wa pili ardhi imeshuka. Urefu utakaokubeba salama pale ndio urefu wako, hata kama umefupisha matundu mawili tu na rafiki yako anajigamba kwa matano.

Tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe. Mashindano kamili yana sehemu tatu. Kuna dresaji, ambapo farasi anaonyesha utulivu na utii wa hatua zake kwenye uwanja tambarare. Kuna kuruka uwanjani, ambako nguzo ikigongwa inaweza kuanguka. Na kuna nyika, ambako vizuizi ni magogo, mitaro, matuta na mabwawa, na vingi havianguki ukivigonga. Kwenye dresaji unakaa, mguu umenyooka kuelekea chini. Kwenye nyika hukai. Sehemu kubwa ya njia matako hayagusi tandiko, uzito wote umeshukia kwenye vikuku, na nyonga, magoti na vifundo vya miguu ndizo shokapu zako. Shokapu isiyo na nafasi ya kubonyea haifai kitu, na nafasi hiyo ndiyo tunayoitafuta tunapofupisha mkanda wa kikuku.

Nafasi yenyewe inategemea kasi. Uingereza, ambako ngazi za mchezo huu zimepangwa kwa makini, ngazi ya vizuizi vya sentimita 80 hukimbiwa kwa mita 435 kwa dakika, yaani kama kilomita 26 kwa saa. Ngazi ya vizuizi vya mita moja ni mita 475. Ngazi ya juu kabisa, ile ya Badminton kule Gloucestershire (si mchezo wa kupiga kinyoya, ni mashindano ya farasi yaliyoanza mwaka 1949), ni mita 570 kwa dakika, kilomita 34 na ushei kwa saa, kwa umbali unaopita kilomita sita. Na huo ni wastani. Kwa kuwa farasi anapunguzwa mwendo kabla ya bwawa au kona kali, ni lazima aufidie muda huo mahali pa wazi, kwa hiyo kati ya kizuizi na kizuizi anakwenda kasi kuliko namba inavyosema.

Hapa ndipo wanaoanza hupotea. Wanaona picha za Badminton, magoti yamepanda juu, mgongo umelala sambamba na shingo ya farasi, nao wanakwenda kufupisha vivyo hivyo kwa ajili ya vizuizi vya sentimita 80. Kwa mwendo wa mita 435 hawana kasi inayohitaji mkunjo ule. Wanachohitaji zaidi ni shavu la mguu linalokumbatia mbavu za farasi na kumwambia songa pale anaposita mbele ya mtaro, na hicho ndicho kikuku kifupi mno kinachowanyang'anya.

Kwa nini basi tusipande kwa mguu mrefu tu? Askari wa farasi wa Ulaya walifanya hivyo kwa muda mrefu: vikuku virefu, mwili umelalia nyuma juu ya kizuizi, hatamu zimevutwa. Farasi aliadhibiwa mdomoni na mgongoni kila aliporuka. Kapteni Federico Caprilli wa jeshi la Italia, aliyezaliwa 1868 na kufa 1907, ndiye aliyelivunja zoea hilo. Alifupisha vikuku, akausogeza mwili mbele, akamwachia farasi shingo na mgongo wake. Miaka hiyo hiyo joki Mmarekani Tod Sloan alikuwa akiwashangaza Waingereza kwenye mbio za tambarare kwa kujikunja juu ya mabega ya farasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science ulionyesha kwamba mkao huo ulipoenea, karibu na mwaka 1900, muda wa mbio kubwa ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiwa juu ya farasi: miguu iliyokunjwa inamruhusu mnyama apande na kushuka chini yako bila kulazimika kuubeba mwili wako juu na chini katika kila hatua. (Wala vikuku vifupi havikuanza na hao wawili. Waberiberi wa Zenata walikuwa wakipanda hivyo karne nyingi kabla, na Wahispania waliuiga mtindo wao.)

Lakini joki wa tambarare haruki kitu. Anaweza kufupisha mpaka goti likapita juu ya tandiko, kwa sababu kazi yake ni kwenda mbele tu. Wewe wa nyika unatakiwa kukimbia kama yeye na kushuka tutani kama askari wa Caprilli. Urefu wako uko katikati ya hao wawili, na katikati hiyo haipatikani kwa kukisia.

Kupima

Anza ukiwa chini. Weka ncha za vidole kwenye kile chuma cha tandiko kinachobeba mkanda wa kikuku, nyoosha mkono, kisha vuta kikuku kifuate mkono mpaka kwapani. Kikifika kwapani bila kulegea wala kukaza, una urefu wa kupandia siku za kawaida. Kipimo hiki ni cha kuanzia tu. Kuna watu wenye mikono mirefu na miguu mifupi, na kwao kinadanganya kila siku.

Sasa panda. Toa miguu kwenye vikuku, iache ining'inie yenyewe, usiinyooshe. Pale kikuku kinapokanyagiwa pakigusa mfupa wa kifundo cha mguu, huo kwa watu wengi ni urefu wa kuruka uwanjani. Kwa nyika panda juu ya hapo kwa tundu moja, au mawili, au matatu. Ukilinganisha na urefu wako wa dresaji utakuta umefupisha matundu matatu hadi matano kwa jumla. Kwa kawaida tundu na tundu huachana sentimita 2.5, ila kuna mikanda yenye matundu ya karibu zaidi, na mtu aliyezoea "tundu la saba" akiazima tandiko la mwenzake anaweza kujikuta mahali pengine kabisa. Kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka kwenye chuma cha juu hadi pale mguu unapokanyaga, uandike sentimita. Sentimita hazibadiliki ukibadilisha mkanda.

Kipimo cha kweli kinafuata. Farasi akiwa amesimama, simama kwenye vikuku, mikono isiguse shingo wala singa, kunja magoti kidogo, sogeza makalio nyuma, inamisha kifua, halafu kaa hivyo ukihesabu polepole mpaka kumi. Ukianguka nyuma kwenye tandiko, tazama kwanza kama mguu wako wa chini umekwenda mbele mno. Kama upo mahali pake, karibu na mkanda wa tumbo, basi kikuku huenda ni kifupi kuliko uwezo wa mapaja yako. Ukianguka mbele, kisigino kimepanda na mguu umerudi nyuma, na mara nyingi ni kwa sababu kikuku ni kirefu, unakitafuta kwa vidole. Rudia kwenye mwendo wa matiti, ambao ndio mkali kuliko yote kwa sababu unakurusha huku na huku, kisha kwenye shoti. Kwenye shoti omba mtu akutazame kwa ubavuni: kati ya matako na tandiko pawe na nafasi ya kupitisha ngumi, goti limekunjika vizuri lakini mguu wa chini bado unaning'inia wima, mkanda wa kikuku ukianguka moja kwa moja kuelekea ardhini. Mkanda ukielekea mbele au nyuma, wewe ndiye umepinda.

Tandiko nalo lina neno lake. Ukifupisha, goti linapanda na kwenda mbele. Kama ubavu wa tandiko lako umekatwa wima kwa ajili ya dresaji, goti litatoka nje ya ngozi na kukaa hewani, na hakuna idadi ya matundu itakayotibu hilo. Tandiko la nyika lina ubavu uliosogea mbele, na goti linatakiwa liishie nyuma kidogo ya ukingo wake. Kama huna tandiko hilo, ishi na urefu ambao goti bado limefunikwa, na uchague njia inayolingana nao.

Usisahau pia aliye chini ya tandiko. Tundu lile lile juu ya farasi mwembamba na juu ya farasi mwenye mbavu pana si urefu mmoja, maana mbavu pana zinautawanya mguu. Mtu mrefu juu ya farasi mdogo ana shida yake, kwani mguu unapita chini ya tumbo na shavu la mguu halina cha kugusa. Mark Todd wa New Zealand, mtu mrefu kweli kweli, alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na tena 1988 juu ya Charisma, farasi mdogo kwa kimo. Kwa hiyo urefu wa miguu si kisingizio. Ila mwenye miguu hiyo anatakiwa kuikunja zaidi ya mwenzake ili ifike kwenye mbavu, na tandiko limruhusu.

Kizuizi kinachosema kweli

Gogo la tambarare linasamehe karibu kila kosa. Anayetaka kujua kama vikuku vyake viko sawa aende kwenye kizuizi cha kushukia, hasa kile kinachoingia majini. Mtazame mtu mwenye vikuku virefu pale. Farasi anaondoka ukingoni, ardhi inakimbia, mpandaji ananyoosha mguu kutafuta kikuku kwa ncha ya kiatu. Kisigino kimepanda, goti limenyooka na kukaza. Farasi anapotua, hakuna kiungo kilichobaki cha kukunjika. Tandiko linampiga kwa chini na kumtupa shingoni. Mwenye vikuku vifupi mno anaanza vizuri, maana ana mkunjo wa kutosha, lakini amekaa juu mno na chini ya goti hana anachoshikia. Maji yanapokamata miguu ya farasi na mwendo kupungua ghafla, yeye anaendelea na mwendo wa zamani.

Aliye sawa utamjua kwa mguu wake wa chini. Farasi anaposhuka, mguu huo unasogea mbele kidogo, kisigino kinazama, goti linafunguka bila kunyooka kabisa, kifua kinarudi nyuma, na hatamu zinateleza vidoleni ili farasi apate shingo yake. Baada ya kutua goti linakunjika tena. Yote hayo hudumu chini ya sekunde mbili. Kama unayaweza mara tatu mfululizo kwenye tuta la nusu mita bila kushika singa, urefu huo unakufaa, na unaweza kwenda kwenye tuta refu zaidi. Kama huwezi, badilisha tundu moja tu, rudia. Wengi hubadilisha mawili kwa pamoja na kurukia kosa la upande wa pili.

Kuna dalili nyingine ndogo. Ukipoteza kikuku mara kwa mara baada ya kuruka, fupisha. Ukijikuta unakaa kabla ya kila kizuizi kwa sababu huwezi kumsukuma farasi ukiwa umesimama, refusha. Ganzi kwenye vidole vya miguu mara nyingi haitokani na urefu bali na kukanyaga kwa ncha. Kikuku kikae chini ya sehemu pana ya wayo, na kwa nyika wengine hukiingiza ndani kidogo zaidi kwa usalama. Maumivu ya magoti yanayoendelea hadi kesho yake yasipuuzwe. Umefupisha haraka kuliko mwili ulivyozoea.

Mapaja kwanza, matundu baadaye

Hili ndilo linalorukwa na karibu kila mtu. Kikuku kifupi ni mzigo. Ngazi za chini njia ya nyika huchukua dakika chache, ngazi za juu dakika kumi na zaidi, na mtu ambaye mazoezi yake yote ni ya kukaa hawezi kusimama nusu ya muda huo. Akichoka anakaa, na akikaa akiwa na vikuku vifupi anakuwa gunia nyuma ya tandiko, jambo baya zaidi kwa mgongo wa farasi kuliko angepanda kwa mguu mrefu tangu mwanzo.

Fupisha tundu moja, kaa nalo wiki moja au mbili, kisha ongeza jingine. Kila siku ya mazoezi tenga dakika kadhaa za kusimama kwenye vikuku kwa mwendo wa matiti, ukiongeza kidogo kidogo, mpaka uweze kusimama muda wote wa njia na ubaki na akiba. Nyumbani, egemea ukuta kwa mgongo, shuka mpaka mapaja yalale sawasawa na sakafu, ukae hapo. Anayepanda kwenye mabanda ya Karen na Lang'ata, Nairobi, yuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka Mombasa atagundua kwamba pumzi inaisha kabla ya mapaja. Wakati wa kiangazi ardhi ya Nairobi inakauka na kuwa ngumu, kila kutua kunagonga zaidi, na mkunjo wa goti unafanya kazi maradufu.

Mikanda yenyewe

Mwaka 1995, huyo huyo Mark Todd alikuwa katikati ya njia ya Badminton juu ya Bertie Blunt pale mkanda wa kikuku ulipokatika. Alimaliza sehemu kubwa ya njia kwa kikuku kimoja. Mwaka uliofuata alirudi na farasi huyo akashinda. Ni kisa cha kusimulia, lakini wewe si Mark Todd, kagua mikanda. Kunja ngozi kila tundu uone kama inachanika, vuta mishono ya bizimu, tazama pale mkanda unapopita kwenye chuma cha tandiko, maana hapo ndipo unapoliwa na wewe huoni. Kile kijichuma kidogo kinachoweza kuinuliwa kuzuia mkanda usitoke kiachwe kimelala, ili ukianguka na mguu ukanaswa, mkanda uchomoke wote na kukuachia. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa kama sentimita 2.5 kwa jumla; kikiwa chembamba kinanasa, kikiwa kipana mno mguu mzima unaingia.

Mkanda wa kushoto hurefuka kuliko wa kulia kwa sababu ndio unaobeba uzito wakati wa kupanda. Kwa hiyo matundu yakilingana haina maana urefu unalingana. Ifungue mikanda yote miwili, ishike juu pamoja, utazame vikuku vinaishia wapi. Ukiweza, panda kutoka kwenye jiwe au ngazi ndogo. Na kama saisi ndiye aliyemtoa farasi asubuhi, vikuku viko kwa urefu wake, si wako. "Dada, nilivishusha mawili," atakuambia ukimuuliza. Muulize.

Katika mashindano ya siku moja, ukitoka kuruka uwanjani kwenda nyika, utafupisha ukiwa juu ya farasi, na farasi ameshajua kinachokuja, hatulii. Hatamu zote mkono mmoja. Mguu usitoke kwenye kikuku. Uondolee uzito tu, goti lisogee pembeni kidogo. Kwa mkono wa pili shika ncha ya mkanda, vuta juu, kidole cha shahada kikiwa juu ya ule msumari wa bizimu ili uhisi tundu bila kuinama. Msumari ukiingia, vuta mkanda wa ndani kuelekea chini mpaka bizimu irudi juu, ikae dhidi ya chuma chake. Ikibaki chini itakuchuna paja. Kisha upande wa pili. Jifunze kulifanya hili ukitazama mbele, kwanza farasi akiwa amesimama, halafu akitembea. Mtu anayetoa mguu nje na kuinama ubavuni akitafuta tundu kwa macho ndiye anayetupwa chini hata kabla ya kuanza.

Baada ya kufupisha ruka vizuizi viwili vya mazoezi, kimoja ukikifikia kwa shoti ya kweli, na usimame kwenye vikuku mara moja kuhakikisha pande zote zinakubeba sawa. Ukisikia mashaka kati ya matundu mawili, rudi kwenye lile ulilofanyia mazoezi nyumbani. Ukimaliza njia na farasi ameanza kutembea, shusha vikuku matundu mawili, acha miguu ining'inie, na uandike, kwa kocha wako au kwenye daftari: urefu kwa sentimita, aina ya ardhi, kizuizi ulichokaa kabla ya wakati, paja lililochoka kwanza. Likiwa ni lile lile kila mara, pima mikanda upya. Na ukisafisha tandiko jioni, badilisha mikanda: wa kushoto uende kulia, wa kulia uje kushoto.